Watu Wasiotujua

Siku tuliyopaswa kutia sahihi mkataba, mtoto wangu Mutale alikuwa Sakania na homa, nami nilikuwa nimekaa mkutanoni nikijifanya nasikiliza habari za mashini. Asubuhi Constance, wifi yangu, dada ya mume wangu kwa baba lakini si kwa mama, anayeuza sabuni na mafuta kule mpakani, ambaye ndiye aliyemchukua mtoto kwa likizo, alinipigia simu akaniambia homa haishuki na kwamba amempeleka kwenye tawi letu la labo huko. Nikajipa moyo. Yuko mikononi mwa watu wetu, nikasema, Antoine muuguzi atampima, atamtundikia maji, yataisha. Lakini kila simu ilipolia ofisini niliruka.

Labo, maabara ya kupima damu, ni ya baba mkwe wangu, Papa Symphorien. Wazazi wake walitoka Kasai, naye aliianza kazi hii hapa Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, na darubini moja juu ya meza ya kulia chakula, mkewe akichemsha vyombo jikoni. Leo tuna nyumba tatu: hii ya Naviundu, moja kwenye barabara ya Kinsevere kwa ajili ya watu wa mgodi, na ile ya Sakania, ambako pia tunalaza wagonjwa wachache. Mimi ndiye msimamizi. Watu wanatolewa damu, majibu yanaingia kwenye mashini, yaani kompyuta, na mashini za nyumba zote tatu zinachota habari kutoka mashini moja kubwa iliyoko ofisini kwetu. Ile kubwa ikigoma, sote tunakaa tunatazamana.

Na ilikuwa inagoma, tena sana. Wa kuitengeneza alikuwa Djo, mtoto wa dada yake Papa Symphorien, anayeishi avenue ya nyuma yetu. Djo si mjinga, kichwa anacho. Lakini umwite asubuhi, atafika jioni. Mara yuko kwenye matanga, mara simu imezima, mara anakuambia yuko njiani na wewe unasikia kabisa maji yanamwagika bafuni kwao. Na utamgombeza mpaka wapi? Ni mtoto wa nyumbani. Ukimfukuza, mama yake atakuja kukaa sebuleni kwako alie hadi umrudishe.

Hilo tungelivumilia. Kilichomnyima Papa Symphorien usingizi kilikuwa kingine: Djo anawajua wagonjwa wetu. Labo ya mtaani, watu wanakuja kupima mambo ambayo hawataki hata wake zao wayajue, na kijana anayeweza kuona majibu yote ndiye huyo huyo anayekunywa nao bia Jumamosi. Kuna binti mmoja wa mtaani aliyevunjiwa uchumba, na maneno yakazagaa kwamba majibu yake yametoka kwetu. Hakuna aliyethibitisha. Djo aliapa kwa jina la marehemu baba yake. Hata hivyo, tangu hapo watu fulani wakaanza kutupita na kwenda kupimwa mjini, na mimi nikimwona Djo anacheka na simu yake nilikuwa najiuliza anacheka nini.

Ndipo ikaja kampuni. Iko mbali, nchi nyingine kabisa, na kazi yote wanaifanya kwa mtandao, hata sura zao huzioni. Walitutumia maelezo marefu ya usalama na haraka na nini na nini, lakini baba mkwe wangu alishika jambo moja tu, na hilo aliliweka moyoni.

"Bale bantu habatujue, Cathy," aliniambia. "Hata baone jina ya muntu, kwabo iko paka jina."

Kwao jina ni jina tu, halina mtu nyuma yake; nami nilikubaliana naye kabisa. Tukawapa muda wa majaribio, Djo akaambiwa apumzike kwanza. Kusema haki, walifanya kazi. Mashini haikugoma tena, majibu yakawa yanatoka upesi, mstari wa asubuhi ukapungua. Kitu kimoja tu hatukukizoea: ule mshale wa kwenye kioo ulikuwa unatembea wenyewe. Umekaa, mikono yako iko mapajani, mara unauona unasogea, unafungua hiki, unafunga kile. Mara ya kwanza Mwila wa mapokezi aliacha kiti akaanza kuomba kwa sauti, na wagonjwa nao wakasimama kuomba pamoja naye bila kujua wanaombea nini. Tulimtania wiki nzima. Lakini mimi mwenyewe nikibaki peke yangu ofisini, na ule mshale ukaanza safari zake, nilikuwa natoka nje kidogo hadi umalize.

Basi siku ile ya sahihi Papa Symphorien alikuwa anatusomea taarifa ya kampuni, miwani puani, uso umejaa furaha. Djo alikuwa ameitwa pia, ili mjomba wake amuage vizuri na mama yake asipate la kusema. Alikaa karibu na mlango, begi lake miguuni, kichwa chini. Papa Symphorien akasoma kwamba mashini imesafishwa. Akasoma kwamba wamegundua watu wengi walioandikwa mara mbili, jina lile lile, simu ile ile, avenue ile ile, na kwamba wote hao sasa wameunganishwa, kila mmoja akawa mtu mmoja. Akasema huo ndio usafi, sisi tulikuwa tunaishi kwenye takataka. Djo aliinua kichwa, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Nilimwona. Nikadhani ni wivu.

Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa Antoine, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia asikimbie.

Aliniambia homa imekula damu ya mtoto, midomo imekuwa myeupe, anapumua kwa shida na hawezi kusubiri gari la kumleta Lubumbashi. Lazima aongezewe damu sasa hivi. Dawa za kupimia kundi la damu zilikuwa zimeharibika, kwa sababu friji ilikaa bila umeme. Nikainuka kitini. Lakini yeye akaharakisha kunituliza.

"Tuko na bahati, madame," akasema. "Niliangalia mu mashini. Mutale Adolphine, AB. Ule anapokea damu ya kila muntu. Jirani moya anaitwa Chileshe alisha kubali kutoa, yeye iko B."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mbele yao wote wawili. Nilimwambia Antoine afanye upesi, nikakata simu, nikakaa, nikajipangusa jasho. Papa Symphorien akaniuliza kuna nini, nikamweleza, naye akafumba macho akasema asante Bwana. Kisha akachukua tena karatasi zake, maana alikuwa hajui afanye nini na mikono yake.

Ikapita kama muda wa kunywa glasi ya maji. Halafu nikaanza kuhesabu. Mimi kundi langu ni O. Nimefanya kazi labo tangu sijaolewa, na jambo hilo linajulikana na kila anayeshika chupa ya damu: mama wa O hazai mtoto wa AB. Anaweza kuzaa A, anaweza kuzaa B, anaweza kuzaa O kama yeye. AB, hapana.

"Papa," nikasema, na sauti yangu sikuitambua. "Mutale anawezaje kuwa AB? Miye niko O."

Hata hakufikiri. Alijibu huku anageuza ukurasa, akimtaja mkewe. "AB njo mama Adolphine."

Kisha akavua miwani. Akaziweka karatasi chini.

Niwaelezee, maana wale wa kampuni hawakuwa na wa kuwaeleza. Mtoto wangu wa kwanza, huyu wa Sakania, ni majina ya mama mkwe wangu, yaani somo wake. Kwetu mtoto hapewi kipande cha jina, anapewa lote: bibi ni Mutale Adolphine, na mtoto ni Mutale Adolphine. Ariel mume wangu anamwita binti yake "mama", na babu yake anamwita "madame yangu" na kumnunulia biskuti kila jioni. Tunaishi parsele moja, kiwanja kimoja. Bibi hana simu, kwa hiyo yeye na mtoto wote wameandikwa kwa namba yangu. Mtu wa mbali akiangalia ataona nini? Ataona mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili na kijana mvivu aliyekosea mwaka wa kuzaliwa. Wakachukua tarehe ya mtoto na majibu ya karibuni, na majibu ya karibuni yalikuwa ya bibi. Na Antoine, ambaye anamjua bibi kama Mama Ariel tu, akasimama penye kitanda kama sheria inavyosema, akamuuliza mtoto jina lake, mtoto akajibu Mutale Adolphine, na kila kitu kikaenda sawa.

Nikapiga. Rezo ya simu haikupita. Nikampigia Constance, haikupita. Nikapiga tena, ile sauti ya mwanamke ikaniambia mtu niliyempigia hapatikani, na nilitamani ningemshika huyo mwanamke shingo. Papa Symphorien alikuwa anapiga kwa simu yake, Djo kwa yake, watu watatu ndani ya chumba kimoja tunaita Sakania na Sakania haiitiki. Nilikuwa najua kitakachotokea ikiwa mtoto ni O na anaingiziwa damu ya B. Nimekiona. Sitakielezea.

Simu ya Constance ndiyo iliyoshika kwanza. Sikumsalimu. Nikamwambia ampe Antoine, na Antoine aliposema alo nikamuuliza damu iko wapi. Akajibu kwamba imekwisha kuanza, inaingia vizuri.

"Funga," nikasema. "Antoine, funga sasa. Ile AB iko ya nyanya yake."

Sikusikia jibu, nilisikia kiti kinaanguka. Kisha Constance akaanza kulia, na nyuma ya kilio chake nikamsikia mtoto wangu. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, na alikuwa anasema na nani sijui, labda na mimi: "Mama, mugongo inaniuma." Mgongo. Najua maana ya mgongo katika saa kama ile: damu isiyofaa imeanza kushambulia figo. Nilikaa chini sakafuni, pale pale, na sketi yangu ya mkutano.

Antoine akarudi kwenye simu anahema. Amefunga, akasema, yameingia kidogo tu, si mengi. Lakini mtoto bado hana damu, madame, na sasa hali ni mbaya kuliko mwanzo. Nimpe ya nani? Alikuwa anauliza swali la haki. Tulihitaji mtu wa O, karibu, upesi. Kujaribu watu mmoja mmoja, kuchanganya tone la huyu na la yule juu ya kioo na kusubiri, kungemaliza muda wa mtoto. Na mashini haikuwa ya kuaminika tena hata kwa jina moja. Niliifungua nikatafuta Constance, nikaona Constance mmoja tu, mwenye umri wa mama yake Djo. Kwa sababu wifi yangu naye ni majina ya shangazi yake, huyo huyo mama yake Djo, na wengine wote wa ukoo wetu tuliwaandika kwa simu na avenue ya labo. Nikatazama yale majina kwenye kioo, mamia ya watu wa Naviundu, na sikujua tena nani ni nani. Hofu iliyonishika hapo haikuwa ya mtoto wangu peke yake.

Nikaipigia kampuni. Akapokea dada mmoja mwenye Kifaransa kizuri, akanishukuru kwa kupiga. Nikamweleza. Akasema anasikitika sana, akaniuliza kama tatizo limesimamisha shughuli zetu zote au sehemu tu. Nikamwambia kuna mtoto. Akaniuliza mtoto ni mtumiaji wa mfumo? Nikamwambia wairudishe mashini ilivyokuwa kabla ya usafi wao, sasa hivi. Akasema inawezekana kabisa, ameandikisha ombi, fundi atalishughulikia kwa zamu yake, na akanipa namba ya ombi. Hapo nilimtukana kwa Kiswahili, matusi ambayo sijawahi kuyatamka mbele ya baba mkwe wangu. Akanitakia mchana mwema. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Hakutujua, basi.

Nilipotupa simu mezani, Djo alikuwa amesimama. Begi lake lilikuwa wazi na mashini yake ndogo iko mikononi.

"Yaya Cathy," akasema polepole, kama mtu anayemwita dada yake mkubwa, "niko na kopi."

Papa Symphorien akamgeukia. "Kopi ya nini?"

"Ya yote, tonton," akamjibu mjomba wake. "Mbele munifukuze, nilibeba kopi."

Ya yote. Kabla hatujamwondoa alikuwa amebeba majibu yote ya watu wote tangu tuanze kutumia mashini, nayo yalikuwa ndani ya begi hilo, kwenye teksi, kwenye baa, kwenye matanga. Kitu kile kile tulichokuwa tunakiogopa, ambacho kwa ajili yake tulikwenda kutafuta watu ng'ambo, kilikuwa kimekaa miguuni mwake wakati sisi tunasoma habari za usalama. Papa Symphorien akainuka, na sijawahi kumwona na uso ule. Nilidhani atampiga. Nikaingia katikati yao.

"Fungua," nikamwambia Djo.

Akafungua. Nilikuwa nimeinama juu ya bega lake, simu sikioni, Antoine akisubiri upande wa pili. Majina yakaanza kupita kwenye kioo. Nikaona jina la mchungaji wetu. Nikaona la mama anayetuuzia mkate. Nikaona langu, Cathy, likapita na kila kilicho chini yake, na Djo hakusimama hapo wala macho yake hayakucheza. Vidole vyake vilikuwa vinajua njia. Hakutafuta sana. Alikwenda moja kwa moja, na hata katika hofu ile, mtoto wangu akitetemeka Sakania, kuna sehemu ndani yangu iliyojiuliza amefungua kitu hiki mara ngapi.

"Mutale mukubwa, AB," akasema. "Mutale mutoto, O. Na Constance wa Sakania, O. Alipimwa hapa wakati wa mimba yake."

Nikarudia maneno hayo kwenye simu. Constance alikuwa amesimama pale pale kando ya kitanda, hajui kundi lake, alikuwa amesahau zamani. Nikamsikia anasema toeni kwangu, toeni yote. Safari hii Antoine hakumwamini mtu, hata Djo, hata mimi. Alichanganya kwanza tone la Constance na la mtoto juu ya kioo akaangalia. Sote tulisikiliza pumzi yake kwenye simu. Kisha akasema haigandi. Kisha akasema anaanza.

Niliondoka mchana ule ule kwa gari la labo. Ariel alikuwa zamu mgodini kule Kinsevere, ambako simu zinaachwa getini, kwa hiyo nilimwachia baba yake kazi ya kumwambia. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Barabara ile ninaijua, lakini siku hiyo kila lori lililotuzuia nililichukia kama mtu. Dereva aliacha kunijibu, akawa anaendesha tu. Nilikuwa namwahidi Mungu mambo, moja baada ya jingine, na mengine sijayatimiza mpaka leo.

Nilimkuta mtoto amelala, damu ya shangazi yake inaingia tone kwa tone, mkono wake mdogo umefungwa kwenye ubao. Midomo ilikuwa imeanza kurudi rangi. Lakini Antoine alinivuta pembeni, akanionyesha mkojo wake ndani ya chupa. Ulikuwa mweusi kama chai iliyokolea. Akasema tungoje, akasema figo za watoto zina nguvu, na hakunitazama machoni. Tukangoja. Usiku na mchana mimi na Constance tulipokezana kushika ile chupa na kuiinua kwenye mwanga, wanawake wawili tunatazama mkojo wa mtoto. Ulipoanza kuwa wa kahawia, kisha wa njano, Constance alitoka nje akakaa kwenye ngazi na kulia kwa sauti hadi watu wakaja kumpa pole wakidhani tumefiwa.

Tuliporudi Naviundu, mkataba ulikuwa bado juu ya meza, haujatiwa sahihi. Papa Symphorien alikuwa amewaandikia wale wa kampuni, nao wakajibu kwa heshima kwamba walifuata utaratibu, na kwamba ombi langu limeshafungwa kwa mafanikio. Akamwita Djo. Akaniita na mimi. Mtoto alikuwa hataki kuachana nami hata nikienda chooni, kwa hiyo alikaa magotini mwangu, amekonda, macho makubwa.

Djo aliweka mashini yake mbele yetu. Alikuwa amevaa shati safi. Akauliza kwa upole, "Tonton, nifute? Mbele ya macho yenu."

Papa Symphorien akafungua mdomo kusema futa. Nilijua atasema hivyo, alikuwa na haki ya kusema hivyo, na mimi mwenyewe, tangu nione jina langu linapita kwenye kioo kile, nilikuwa nalala na kuamka na neno hilo. Watu hawa wametuamini. Binti yule wa uchumba yupo, anaishi, ninakutana naye sokoni na siwezi kumsalimu vizuri. Lakini mtoto alikuwa anapumua juu ya kifua changu, na nilikuwa bado nasikia ile sauti nzuri ikiniuliza kama ni mtumiaji wa mfumo.

"Usifute," nikasema.

Baba mkwe wangu akamtazama mtoto magotini mwangu. Kisha akaisukuma mashini irudi kwa Djo. Siku hiyo hiyo tulimwajiri Djo, kazi ya kudumu, meza yake mwenyewe kando ya mashini kubwa. Watu wa avenue wanasema tumemlipa fadhila, na mama yake alituletea kuku wawili akipiga vigelegele tangu getini. Tuliwapokea kuku. Ukweli ni kwamba tulimwajiri kwa sababu ya woga. Wale wa mbali wanaweza kutuua bila kujua tupo. Huyu wa karibu anatujua mpaka ndani ya mishipa, na mtu wa namna hiyo ni afadhali akae mahali unapomwona.

Papa Symphorien akamwekea masharti. Kutoa neno nje, kazi imekwisha, undugu au hakuna undugu. Mashini ile ndogo haitatoka tena ofisini, itafungiwa ndani ya kabati la chuma na ufunguo atabaki nao yeye mwenyewe. Djo aliitikia kila sharti kwa kichwa. Alionekana ameguswa, macho yalimlengalenga. Papa Symphorien akaichukua mashini, akaifungia kabatini, akautia ufunguo mfukoni, akapumua kama mtu aliyetua gunia.

"Na ile ingine, tonton?" akauliza Djo.

"Ingine gani?"

"Kopi moya peke haiko kopi. Ikiharibika, munabaki na nini? Ingine iko ku nyumba, mu chumba ya mama."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi anayeeleza kazi yake, na kwa kazi hiyo alikuwa na haki, yeyote anayejua mashini angesema vile vile. Baba mkwe wangu alibaki amesimama, mkono bado uko mfukoni juu ya ufunguo. Mtoto wangu alishuka magotini mwangu, mara ya kwanza tangu Sakania, akavuka chumba, akapanda juu ya mapaja ya Djo na kumwomba amwonyeshe picha kwenye simu. Djo akamkumbatia, akamwita mama. Nilinyoosha mikono nimrudishe, kisha nikairudisha mapajani.